Mpangaji wangu hajalipa kodi miezi mitano, na mwanangu anataka tumtoe kwa nguvu

BARUA YA MSOMAJI

Ndugu Mshauri,

Naomba jina langu lihifadhiwe, kwa sababu jambo ninaloliandika linawahusu watu ninaoonana nao kila siku. Mimi ni mjane wa miaka 61, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na ninaishi Nkuhungu, jijini Dodoma. Marehemu mume wangu alipata kiwanja chetu enzi za CDA, yaani Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, tukajenga kidogo kidogo kwa miaka mingi: kwanza nyumba kubwa ninayoishi hadi leo, halafu nyumba ndogo ya uani yenye vyumba viwili, sebule, jiko na choo cha ndani, ambayo tuliijenga kwa makusudi ya kupangisha ili itusaidie uzeeni.

Mwaka 2021 mume wangu aliipangisha nyumba hiyo kwa familia ya baba, mama na watoto watatu. Nitamwita mpangaji wetu Baba Neema, ingawa si jina lake. Ni fundi mwashi, na wakati ule alikuwa na kazi ya uhakika kwenye majengo yaliyokuwa yakijengwa Mtumba. Waliandikiana mkataba wa mwaka mmoja kwa kodi ya shilingi 180,000 kwa mwezi. Ulipokwisha hawakuandikiana mwingine. Baba Neema aliendelea kulipa mwezi kwa mwezi, mume wangu akawa anaandika kwenye daftari, na alipofariki mwaka juzi nikaendelea mimi kupokea na kuandika katika daftari lile lile.

Tangu Machi mwaka huu Baba Neema hajalipa. Mkandarasi aliyekuwa akimpa kazi alisimamisha shughuli akieleza kwamba naye hajalipwa, na sasa fundi huyu anaishi kwa vibarua vya siku moja moja. Mwezi Aprili alinijia mwenyewe, akanieleza hali yake bila kuficha, nami nikamwambia tuvumiliane. Mei aliniletea shilingi 50,000. Tangu hapo hajaleta kitu, ingawa kila tukikutana uani ananisalimia kwa heshima na kuniambia kwamba hajasahau. Hadi mwisho wa Julai ninamdai shilingi 850,000.

Mtoto wangu wa kiume anafanya kazi Dar es Salaam. Kupitia kwa dalali amempata mtumishi wa umma anayehamia Dodoma, ambaye yuko tayari kulipa shilingi 350,000 kwa mwezi, tena miezi sita kwa mkupuo, lakini anaitaka nyumba mapema. Mwanangu anasema mpangaji asiyelipa dawa yake ni kufuli. Anataka aje mwishoni mwa wiki na vijana wachache, wamwarifu mwenyekiti wa mtaa, watoe vyombo nje na kubadilisha kitasa. Wakikataa kutoka, wang'oe mlango. Binti yangu mkubwa anamuunga mkono. Mdogo wake anasema tukifanya hivyo hatatia mguu tena nyumbani.

Mimi mwenyewe silali. Mume wangu alipokuwa mgonjwa, Mama Neema ndiye aliyekuwa akiamka usiku kunisaidia kumgeuza na kumsafisha, bila kuitwa wala kulipwa. Neema yuko kidato cha nne na atafanya mtihani wa taifa Novemba. Wakati huo huo pensheni yangu ni ndogo, ninanunua dawa za shinikizo la damu kila mwezi, na ninamsomesha mjukuu anayenitegemea. Huruma yangu hailipi ada. Nikikumbuka kwamba kuna shilingi 2,100,000 zinazonisubiri, ninaona ninajidhulumu. Nikisikia sauti ya Mama Neema uani, ninaona ninataka kudhulumu.

Labda niongeze kwamba hati ya kiwanja bado ina jina la marehemu, na hatujafungua mirathi. Sijui kama jambo hilo linahusika. Ninachoomba ni kujua utaratibu wa kumtoa mpangaji ukoje kisheria, na kama nikiufuata nitakuwa nimetenda haki.

Mama wa Nkuhungu

JIBU LA MSHAURI

Mama, pole kwa kufiwa, na pole kwa mzigo huu uliokuangukia kabla hujazoea kuishi bila mwenzako. Unauliza mambo mawili kwa pamoja: kama unaweza kumtoa Baba Neema na kwa utaratibu upi, na kama utaweza kuishi na uamuzi huo baada ya kuutekeleza. La kwanza lina majibu katika sheria, na nitakueleza ninayoyafahamu. La pili hakuna anayeweza kukujibia, ila ninaamini kwamba ukilielewa vizuri la kwanza, la pili litapungua uzito, kwa sababu katika suala lako sheria na utu havigombani kama mwanao anavyodhani.

Niruhusu kwanza nikuulize swali. Je, unachotaka ni fedha unazodai, au ni nyumba yenyewe? Katika barua yako mambo haya mawili yamechanganyika hadi yanaonekana kuwa moja. Jaribu kuwaza kwamba kesho asubuhi Baba Neema anabisha hodi na shilingi 850,000 mkononi. Ungependa aendelee kukaa? Ikiwa ndiyo, basi shida yako ni deni, na deni lina njia zake za kudaiwa, nyingi kati ya hizo hazihitaji kumhamisha mtu. Ikiwa hapana, kwa sababu shilingi 180,000 hazikutoshi tena na nyumba kama hiyo sasa inapangishwa karibu mara mbili ya hapo, hilo nalo halina aibu yoyote. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma, mji ukapewa hadhi ya jiji mwaka 2018, na treni ya reli ya kisasa ikaanza kufika mwaka 2024, wanaotafuta nyumba wamezidi nyumba zilizopo, na mjane aliyejenga tofali kwa tofali ana haki ya kufaidika na ukuaji huo. Ninachokuomba ni kujiambia wazi ni lipi kati ya hayo mawili linalokusukuma, maana mazungumzo juu ya deni hayafanani na mazungumzo juu ya kupandisha kodi. Baba Neema akihisi kwamba deni limegeuzwa kisingizio cha kumpisha mwenye fedha zaidi, utampoteza mtu ambaye hadi leo hajakukimbia wala kukutolea lugha mbaya.

Sasa tuje kwenye sheria. Zamani kulikuwa na Sheria ya Kudhibiti Kodi ya Nyumba ya mwaka 1984, iliyomkinga mpangaji kwa kiasi kikubwa. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo upangaji wa nyumba unaongozwa na makubaliano ya pande mbili pamoja na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999. Wenye nyumba wengi wamelichukulia jambo hilo kana kwamba wameachiwa wafanye watakavyo, nami ninadhani mwanao ni mmoja wao. Uhuru uliopatikana ni wa kupatana kiwango cha kodi. Haki ya mpangaji ya kukaa kwa utulivu mpaka upangaji wake ukomeshwe kwa njia halali haikufutwa, kwani Sheria ya Ardhi inaihesabu kuwa sehemu ya mkataba hata kama haikuandikwa.

Unaweza kudhani kwamba, kwa kuwa mkataba wa mwaka 2021 ulikwisha, Baba Neema yuko hapo bila mkataba wowote. Lakini alibaki kwa ridhaa yenu, akaendelea kulipa, nanyi mkaendelea kupokea. Upangaji wa namna hiyo huhesabiwa kuwa wa mwezi hadi mwezi, na daftari lako ndilo ushahidi wake. Upangaji wa mwezi hadi mwezi unaweza kukomeshwa na upande wowote kwa notisi isiyopungua mwezi mmoja, ambayo iwe ya maandishi, itaje tarehe ya mwisho, na ikiwa sababu ni deni, itaje kiasi kinachodaiwa na kumpa nafasi ya kukilipa. Mpelekee mbele ya shahidi, na ubaki na nakala aliyoisaini. Katika barua yako sijaona notisi ya aina hiyo. Nimeona maneno ya uani, nayo, mbele ya Baraza la Ardhi na Nyumba linaloamua migogoro ya namna hii, hayatoshi.

Notisi ikiisha na mpangaji asitoke, wewe hupati ruhusa ya kumtoa kwa mikono yako. Unapata haki ya kwenda kudai. Hatua ya kwanza ni Baraza la Kata, ambalo tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 kazi yake katika migogoro ya ardhi na nyumba ni kusuluhisha, si kuhukumu. Likishindwa kuwapatanisha ndani ya siku 30, shauri linaweza kufunguliwa katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambako mwenyekiti huketi pamoja na wazee wa Baraza na kusikiliza pande zote mbili. Ukishinda, asiyeridhika ana siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu. Na hata baada ya hukumu, utekelezaji unaombwa kwa utaratibu wake, mdaiwa anapewa siku 14 za kutii, na anayetoa vyombo nje ni dalali aliyeidhinishwa kwa amri ya Baraza. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa anaweza kuwa shahidi na msuluhishi mzuri sana, lakini yeye, mtendaji na mgambo hawana mamlaka ya kumhamisha mtu bila amri hiyo. Polisi nao watakuambia kwamba kodi isiyolipwa ni madai, si jinai.

Ndiyo maana mpango wa kufuli unanitia wasiwasi, Mama, na ningependa umweleze mwanao sababu zake kwa utulivu, bila kumfanya ajione mtoto mbaya, kwa kuwa anachotaka ni mama yake asidhulumiwe. Mpangaji aliyefungiwa nje anaweza kukimbilia Baraza siku hiyo hiyo, akaomba zuio na kurudishwa ndani. Anaweza kudai fidia ya vyombo vilivyoharibika au kupotea, na hakuna atakayeamini kirahisi kwamba godoro na televisheni vilitoka salama mikononi mwa vijana walioletwa kwa kazi hiyo. Shilingi 850,000 unazodai zinaweza kumezwa na fidia unayodaiwa. Na yule mtumishi wa umma aliyelipa miezi sita atakuwa anadai nyumba ambayo huwezi kumkabidhi, huku fedha zake umeshazitumia kwa dawa na ada. Njia inayoonekana fupi ndiyo inayoweza kukufunga kwa muda mrefu kuliko zote.

Umeandika kwamba hujui kama mirathi inahusika. Inahusika sana, pengine kuliko jambo lolote jingine. Mali ikiwa bado ina jina la marehemu, anayetambuliwa kisheria kuisimamia, kuidai na kushtaki kwa niaba yake ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Ukifungua shauri leo kama mjane tu, mpangaji au wakili wake anaweza kuhoji mara moja kwamba huna uwezo wa kushtaki, na shauri likatupwa kabla deni halijaguswa. Wala mwanao hana uwezo huo, ingawa anazungumza kama mwenye nyumba. Kinachohitajika ni kikao cha familia chenye muhtasari ulioandikwa na kusainiwa, unaopendekeza msimamizi, kisha ombi mahakamani likiambatana na cheti cha kifo. Mahakama hutoa tangazo ili mwenye pingamizi ajitokeze, kisha hufanya uteuzi. Katika familia nyingi zilizo kama yenu ombi hilo hupelekwa Mahakama ya Mwanzo. Wewe na watoto wako wote ni warithi, kwa hiyo kikao hicho ni mahali pazuri zaidi pa kuzungumzia nyumba ya uani kuliko simu za usiku kutoka Dar es Salaam. Mkiwa hapo, angalieni pia hati yenyewe. CDA ilivunjwa mwaka 2017, na hati zake nyingi zilikuwa za miaka 33, zikatakiwa kubadilishwa kuwa za miaka 99. Kama yenu bado ni ile ya zamani, shughulikieni pamoja na mirathi.

Sasa hesabu muda, Mama. Mirathi, notisi, usuluhishi wa kata, shauri, utekelezaji: hata mambo yakienda vizuri, hutapata amri ya kumtoa Baba Neema kabla ya Novemba. Unajitesa usiku kwa kujiuliza kama utamfukuza Neema katikati ya mtihani wake, wakati njia halali yenyewe haina uwezo wa kumfikia kabla hajaumaliza. Hiyo haimaanishi ukae kimya hadi Desemba. Inamaanisha kwamba makubaliano mazuri mkiyafikia mwezi huu yanaweza kukurudishia nyumba mapema kuliko shauri lolote.

Makubaliano hayo yanaweza kuchukua sura mbalimbali. Unaweza kukubali familia ikae hadi mitihani iishe, kwa maandishi yanayotaja tarehe ya kutoka, kiasi cha deni, na kiasi kidogo kitakachokuwa kikilipwa kila wiki kutokana na vibarua. Hatari yake ni kwamba deni litaendelea kukua na mtumishi yule wa umma hatakusubiri. Unaweza kusamehe sehemu ya deni kwa sharti kwamba wahamie mapema kwenye vyumba vya bei nafuu. Wenye nyumba wengi huliona hilo kuwa ni kupoteza, lakini ukilinganisha na gharama za shauri, na na tofauti ya shilingi 170,000 kwa mwezi kati ya kodi ya sasa na unayoahidiwa, hasara hiyo inaweza kufidiwa katika miezi michache. Hapo napo kuna swali gumu la Neema, maana kuhama Agosti si sawa na kuhama Desemba kwa mtoto anayejisomea usiku. Unaweza pia kumwomba Baba Neema alipe sehemu ya deni kwa ufundi wake, kama nyumba kubwa ina ukuta au sakafu inayohitaji kazi, mkiandika thamani ya kazi kabla hajaianza. Wengine hulitumia hilo na likawafaa. Wengine hugombania thamani hadi uhusiano unavunjika. Na unaweza kuamua kwamba wabaki, kwa kodi mpya mtakayopatana kazi ikirudi, ukijua kwamba unachagua jirani mwema badala ya fedha ambazo unazihitaji kwa kweli.

Jambo dogo la kuzingatia mtakapokaa kupiga hesabu: tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa kupitia umeme wa LUKU. Kama mita ya nyumba ya uani ndiyo inayokatwa na Baba Neema ndiye anayenunua umeme, amekuwa akilipa kodi ambayo kwa haki ni ya mwenye nyumba. Kiasi chake si kikubwa, lakini ukilitaja wewe kabla hajalitaja yeye, ataona kwamba umekuja kwa hesabu za haki.

Makubaliano yoyote mtakayofikia yaandikeni, yasainiwe na wote wawili, Mama Neema naye awepo, na mwenyekiti wa mtaa au mjumbe ashuhudie. Na ukija kumpata mpangaji mwingine, andikeni mkataba na mulipie ushuru wa stempu, kwa sababu mkataba usiolipiwa ushuru huo unaweza kukataliwa kama ushahidi mpaka ulipiwe pamoja na adhabu yake. Usipokee hata shilingi moja ya mpangaji mpya kabla nyumba haijawa wazi. Kuhusu deni, usiogope kwamba litapotea Baba Neema akihama leo au mwakani: sheria ya ukomo wa madai inakupa miaka sita kudai malimbikizo ya kodi, mradi daftari na maandishi yenu yawepo. Kama gharama ya wakili inakutisha, tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 wasaidizi wa kisheria wanatambuliwa rasmi, na ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri inaweza kukuelekeza walipo.

Kabla ya yote hayo, kuna mazungumzo moja ambayo barua yako haikuyataja. Umezungumza na mwanao, na mabinti zako, na sasa nami. Je, umewahi kukaa chini na Baba Neema na mkewe, ukawaeleza hali yako wewe: pensheni, dawa, ada ya mjukuu? Wao wanakufahamu kama mama mwenye nyumba aliyesema tuvumiliane, na inawezekana kabisa kwamba hawajui uvumilivu huo unakugharimu nini. Sidai kwamba wakijua watapata fedha ambazo hawana. Huenda, hata hivyo, wakawa na ndugu wa kuwapokea, au chumba cha bei nafuu walichokwisha kukiona wakaogopa kukutajia wasionekane wanakimbia deni. Uliza, sikiliza, kisha ndipo uamue kama unachohitaji kuandika ni makubaliano au ni notisi. Ukipenda, niandikie tena baada ya kikao cha familia, unieleze mmemteua nani kuwa msimamizi na Baba Neema amejibu nini.